Ubongo wa Ng'ombe, Roto Baridi na Vidole vya Shangazi

Mwaka 2014, mara mbili kwa wiki, nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku kwenda Dagoretti kutafuta ubongo. Kaka yangu alisema afadhali nimekubali kwamba ninauhitaji. Nilikuwa fundi mpya katika maabara ya baiolojia ya seli, na kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilisikika nyepesi: toa protini iitwayo tubulini kwenye ubongo wa ng'ombe, isafishe, igandishe, iwe tayari kwa wanafunzi wa uzamili. Kuagiza ng'ambo kulikuwa na bei ya kufunga mdomo, na mzigo wenyewe husafiri katika barafu kavu. Ukichelewa njiani siku mbili tatu, unapokea maji ya bei ghali. Ng'ombe tunao.

Machinjioni alfajiri huwa kumechangamka kama stendi. Mvuke wa matumbo, minyororo ikilia, wanaume wenye gambuti nyeupe wakipiga kelele za bei kabla jua halijatoka. Mzee wa vichwa aliniuliza wiki mbili mfululizo kama huo ubongo naukaanga au nauchemsha, kisha akachoka kuuliza. "Daktari wa bongo amefika," akawa anasema, halafu anapasua fuvu kwa shoka dogo, mapigo matatu tu, na kuniwekea ubongo mkononi ukiwa na joto lake. Ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kama nusu kilo hivi. Naufunga kwenye mfuko, mfuko kwenye barafu, barafu kwenye kasha, na mimi na kasha langu tunapanda matatu ya kupitia Kawangware tukiomba kusiwe na msongamano. Makanga mmoja alinitoza nauli ya kasha. Nilipomwambia kilichomo alinirudishia pesa na kuhama kiti.

Kwa nini ubongo? Kwa sababu seli ya neva ni ndefu na haina raha ya kuwa na umbo la duara kama nyingine. Ile inayotoka chini ya uti wa mgongo mpaka kidole cha mguu inafikia takriban mita moja, na kila kinachohitajika huko mwisho kinatengenezwa huku mwanzo. Lazima kuwe na njia ya kukipeleka. Njia zenyewe ni tubulini, na ndiyo maana ubongo umejaa tubulini kuliko karibu nyama nyingine yoyote.

Tubulini moja ni vipande viwili vilivyoshikana, alfa na beta, na kwa pamoja vina urefu wa nanomita 8. Vikipangana kichwa kwa mkia vinakuwa uzi. Nyuzi 13 zikisimama bega kwa bega na kufunga duara, unapata mrija ulio mtupu ndani, wenye upana wa nanomita 25. Huo ndio mikrotubuli, ingawa kule maabarani tulisema "mirija" tu na kila mtu akaelewa. Unywele wa binadamu una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo mirija zaidi ya 3,000 inaweza kulala sambamba juu ya unywele mmoja. Na kwa kuwa vipande vyote vinatazama upande mmoja, mrija una ncha mbili zisizofanana: moja imeishia kwa beta na hukua haraka, nyingine imeishia kwa alfa na ni ya polepole.

Haya yote niliyajua siku ya kwanza. Yaliandikwa kwenye daftari langu kwa wino wa rangi mbili. Hayakunisaidia kitu.

Kosa la kwanza lilikuwa la herufi moja. Ili tubulini ijijenge kuwa mirija nje ya seli, unahitaji magnesi iwepo na kalisi isiwepo. Hilo la kalisi lilisumbua watu miaka mingi, mpaka Richard Weisenberg alipoonyesha mwaka 1972 kwamba ukiikamata kalisi yote, tubulini ya ubongo wa panya inajijenga yenyewe ndani ya chupa bila kusaidiwa na seli. Kinachotumika kuikamata ni EGTA. Kwenye rafu yetu, jirani yake kabisa, ilikaa EDTA, unga mweupe vilevile, chupa ileile, mfuniko uleule. EDTA hukamata kalisi na magnesi pia, haibagui. Nilitengeneza lita mbili za bafa, yale maji ya chumvi ya kutunzia protini, kwa EDTA na kuzitumia kwa ng'ombe watano kabla sijasoma kibandiko polepole. Prof hakunigombeza. Alichukua kalamu nene, akachora alama kubwa ya msalaba kwenye chupa ya EDTA, akaenda zake. Ningependelea kugombezwa.

Kosa la pili lilichukua muda mrefu zaidi, na ndilo nililolipia kwa usingizi.

Kila protini niliyowahi kufundishwa kuishika, niliishika kwenye barafu. Barafu ndiyo adabu ya maabara. Mwanafunzi akiacha protini mezani bila barafu, anatazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mirija imekuja kinyume. Ukiipoza karibu na sufuri inasambaratika, tubulini zinaelea moja moja majini. Ukipandisha joto mpaka nyuzijoto 37, ukaweka na GTP, ambayo ndiyo nishati yake, inajijenga tena. Usafishaji wote unategemea ukaidi huu. Unasaga ubongo kwenye baridi, unazungusha kwenye sentrifuji, takataka zinashuka chini na tubulini inabaki juu. Unapasha moto, tubulini inakuwa mirija, unazungusha tena, safari hii mirija ndiyo inashuka na takataka zinabaki juu. Unaipoza, unarudia. Ni kama kuita jina la mtu katika umati: anayesimama ndiye, na ukimwita mara mbili akasimama mara mbili, huna shaka tena.

Wangu hawakusimama. Nilisaga, nikapoza, nikapasha moto, maji yakawa na ukungu mzuri kama uji mwepesi, ishara kwamba mirija imejengeka. Nikazungusha nusu saa. Nikafungua. Chini ya chupa hamna kitu. Maji maangavu kama ya mvua. Wiki ya kwanza nililaumu ubongo, kwamba umekaa sana njiani. Wiki ya pili nililaumu GTP. Wiki ya tatu nilianza kumlaumu yule mzee wa vichwa, masikini, kwamba labda ananipa wa jana.

Ilikuwa Julai. Wenye kuijua Julai ya Nairobi wanajua jinsi ukungu unavyokaa mpaka saa sita mchana na watu wanavyovaa makoti ya mazishi kwenda kazini. Asubuhi hiyo sikuwa na glavu, nilikuwa nimetoka kushika kikombe cha chai, na nikabeba roto kutoka chumba baridi kuipeleka kwenye sentrifuji. Roto ni gudumu zito la metali linaloshika chupa zako wakati wa kuzunguka. Vidole vilishtuka. Ile metali ilikuwa baridi kiasi cha kuuma. Nikasimama pale mlangoni nikiwa nimeikumbatia kama mtoto, na nikaelewa wiki tatu za maisha yangu.

Roto zote za maabara ile zilikaa chumba baridi. Hata kulikuwa na tangazo mlangoni: roto irudishwe hapa baada ya matumizi. Ni utaratibu mzuri kwa kila kazi isipokuwa hii. Nilikuwa nikijenga mirija kwenye joto la mwili kwa uangalifu wote, kisha naiingiza ndani ya kipande cha barafu chenye umbo la gudumu na kuizungusha. Kabla haijafika chini ilikuwa imekwisha kuvunjika. Hakuna kitabu kilichosema "pasha roto moto usiku kucha", kwa sababu aliyeandika alidhani ni jambo ambalo halihitaji kusemwa. Tangu siku hiyo nasoma maelekezo nikitafuta yasiyosemwa.

Usiku ule roto ililala kwenye kabati la joto. Kesho yake chini ya chupa kulikuwa na kitone kinachong'aa, laini, angavu, kama ute wa yai ulioanza kuganda. Nilimpigia Prof simu saa tano kasoro. Akasema, "Sawa. Sasa rudia." Miezi miwili baadaye mwenzangu alibeba mirija iliyokwisha kujengwa kwenda kwenye hadubini ya jengo la pili, na kwa heshima akaiweka kwenye barafu. Alifika na maji. Nilicheka kama mtu ambaye hajawahi kukosea.

Wanaoiona mirija leo kwa hadubini za kisasa wanasahau kwamba baridi ndiyo ilikuwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza. Miaka ya 1950 Shinya Inoué, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitumia hadubini ya mwanga uliopangwa kutazama seli hai zikigawanyika, na akaona nyuzi zinazovuta kromosomu. Alipozipoza zilitoweka. Alipozirudishia joto zilirudi. Wapo waliokuwa wakidai nyuzi zile ni uzushi wa dawa za kukaushia seli. Kitu kinachoondoka na kurudi mbele ya macho yako hakiwezi kuwa uzushi.

Kipimo chetu kilikuwa cha kimaskini zaidi: spektrofotomita, na ukungu wa maji ukisomwa kila sekunde kumi. Mstari kwenye karatasi unaanza ukiwa bapa. Dakika zinapita, bapa. Mara ya kwanza nilijua nimeharibu tena, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikakuta umepanda mlima na kutulia juu. Ule ubapa wa mwanzo una maana. Kuongeza tubulini kwenye mrija uliopo ni kazi rahisi; kuanzisha mrija pasipo na mrija ndiyo shida, maana vipande vichache vya kwanza vikikutana huachana haraka kuliko vinavyoshikana. Ndani ya mwili seli haingoji bahati. Ina tubulini ya tatu, gama, iliyogunduliwa mwaka 1989 katika ukungu wa jamii ya Aspergillus, ambayo hujipanga na wenzake kuwa pete na kuwa msingi tayari. Pete hizo nyingi zinakaa kwenye sentrosomu, karibu na kiini, na mirija inatoka hapo kuelekea pande zote.

Lakini lile lililonifanya nibaki kwenye kazi hii mstari wa ukungu haukulionyesha. Ukiutazama ule mstari ukiwa juu, umetulia, unadhani mirija imetulia. Sivyo. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walieleza kwamba katika chupa iliyotulia hivyo, mirija mingine inakua na mingine inabomoka kwa kasi, wakati uleule, katika maji yaleyale. Jumla haibadiliki, ila hakuna mmoja aliyetulia. Mrija unakua, unakua, ghafla unaanguka. Pengine unafika chini kabisa, pengine unajishika katikati na kukua upya. Kule kuanguka wanakuita janga, na kule kujishika wanakuita kuokoka. Wanafunzi wangu wa Nairobi hawajawahi kusikia neno hilo la pili bila mmoja wao kusema "Bwana asifiwe" kutoka nyuma ya darasa.

Sababu ni GTP. Tubulini inajiunga na mrija ikiwa imebeba GTP, na ikiwa nayo inasimama wima, inakaa vizuri na wenzake. Baada ya kujiunga, ile GTP inakatwa inakuwa GDP, na tubulini yenye GDP inataka kujipinda nje. Haiwezi, kwa sababu imebanwa juu na chini na pembeni. Kwa hiyo mwili wa mrija umejaa tubulini zinazotaka kutoka, na kinachozizuia ni kofia ndogo ya zile mpya kule nchani, ambazo GTP yake haijakatwa bado. Wageni wakiendelea kufika haraka, kofia ipo. Wakichelewa kidogo, ukataji unawafikia, kofia inaisha, na nyuzi 13 zinachanuka nje kama pembe za kondoo dume.

Miaka minne nililieleza hilo kwa michoro ubaoni. Mtu aliyenifundisha kulieleza vizuri ni shangazi.

Shangazi yangu husuka viondo. Amesuka tangu utotoni Machakos, na sasa yuko Kangemi, anasuka kwa oda. Mwaka 2018 aligunduliwa saratani ya titi. Baada ya dawa za kwanza, zile zinazonyoa nywele, akaanzishiwa paklitakseli, mara moja kwa wiki, wiki 12. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza hospitalini, na kwa hiyo ni mimi niliyesoma jina kwenye mfuko wa dripu. Nilijua ile dawa. Tulikuwa nayo kwenye friji ya maabara, tone dogo kwenye kichupa, tunaitumia kuzuia mirija isivunjike. Kuiona ikiingia kwenye mkono wa mtu wangu kulinipa hisia ambayo sikuitarajia, kama kukutana na mwenzako wa kazini katika msiba wa nyumbani kwenu.

Wiki ya nane nilikuwa jikoni kwake. Alifunua sufuria ya githeri kwa mkono mtupu, mfuniko wa alumini uliokaa kwenye moto, akausimamisha ukutani bila haraka.

"Shangazi, hujaungua?"

"Nimeungua?" Akatazama vidole vyake kama vya jirani.

Ndipo aliponiambia. Wiki tatu vidole vilikuwa na ganzi. Miguuni alihisi amevaa soksi, na hakuwa amevaa. Sindano ilikuwa ikimponyoka. Alikuwa amefumua kiondo kimoja mara nne kwa sababu vidole havikumwambia tena kama uzi wa katani umekazwa au umelegea.

"Umemwambia daktari?"

"Nimwambie ili anipunguzie dawa? Wewe unataka nipunguziwe dawa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akaendelea, sasa kwa sauti ya kesi: "Na wewe si ndiye wa hayo mambo. Niambie. Titi liko huku. Vidole viko huku. Dawa ya titi imefuata nini kwenye vidole?"

Nilichukua kiondo kilichokuwa pajani mwake, hakijamalizwa, nyuzi za kusimama zikiwa zimechomoza juu bila ukingo. Nikaanza kwamba ndani ya seli kuna mirija inayosukwa hivi, kutoka chini kwenda juu, na kwamba safu ya juu kabisa, ile mbichi, ndiyo inayoshikilia zote. Akanikatiza. "Hapana. Ukiacha kiondo bila kufunga ukingo, hakifumuki kwa sababu ya safu ya juu. Kinafumuka kwa sababu katani yenyewe inataka kunyooka. Imekunjwa kwa nguvu. Safu ya juu inaizuia tu." Nikanyamaza. Alikuwa ameeleza kofia ya GTP kuliko nilivyowahi kuieleza, pamoja na ule mvutano uliofichika mwilini mwa mrija, na hajui GTP ni nini.

Basi nikaendelea na maneno yake. Nikamwambia seli ikitaka kugawanyika inafumua viondo vyake vyote vya zamani na kusuka upya kwa pupa. Mrija uliokuwa ukidumu dakika kadhaa sasa unadumu chini ya dakika moja. Unarusha ncha huku, haikupata kitu, inavunjika, unarusha kule. Inatafuta kromosomu. "Kama stima ikipotea usiku," nikasema, "na wewe unapapasa mezani unatafuta kiberiti. Unanyoosha mkono, hakipo, unaurudisha, unaunyoosha pengine." Mkono usioweza kurudi hauwezi kutafuta. Kila kromosomu lazima ishikwe kutoka pande zote mbili, na seli ina mlinzi anayekataa kuruhusu mgawanyiko mpaka ya mwisho ishikwe.

"Na hii dawa inavunja hiyo mirija?"

"Hii haivunji. Inaingia ndani ya mrija, inajibandika kwenye beta, na kuuzuia usivunjike."

Alikaa kimya, akizungusha kile kiondo. "Kwa hivyo haibomoi. Inakataza kubomoa."

"Ndiyo."

"Na hilo linaua?"

Linaua. Hata wataalamu hawakulitarajia. Paklitakseli ilitoka kwenye magome ya mti wa Marekani ya magharibi. Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha umbo lake mwaka 1971, na mpaka hapo kila sumu ya mirija iliyojulikana ilikuwa ya kubomoa. Kolkisini hubomoa, iko pia kwenye Gloriosa superba, lile ua la petali za moto zinazojikunja juu, ambalo huota mwituni hapa kwetu. Vinkristini na vinblastini hubomoa. Zinatoka kwenye kale kaua ka rangi ya waridi kanakopandwa mbele ya nusu ya nyumba za Mombasa na Nairobi, Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake New York wakaonyesha kwamba hii mpya inafanya kinyume, inashikilia mirija isibomoke. Matokeo kwa seli inayotaka kugawanyika ni yaleyale: kromosomu hazipangiki, mlinzi anakataa, seli inakwama na mwishowe kufa.

Vidole sasa. Neva hazigawanyiki, na kwa hiyo mtu angedhani zimesalimika. Lakini kumbuka ile mita moja. Juu ya mirija kuna hamali. Kinesini ni protini yenye miguu miwili, inatembea juu ya mrija hatua za nanomita 8, kila hatua imegharimu ATP moja, sarafu ya nishati ya seli, mzigo begani, kuelekea ncha inayokua; mwenzake daineini anabeba kurudi. Ukiwatazama kwenye video unakumbuka soko la Marikiti saa kumi na mbili asubuhi, gunia la viazi linatembea na miguu tu ndiyo inayoonekana. Mizigo ya haraka ndani ya neva inasafiri milimita 200 hadi 400 kwa siku. Kutoka mgongoni mpaka kidole cha mguu ni safari ya siku tatu, nne. Njia ikichafuliwa, watakaokosa mzigo kwanza ni wa mwisho kabisa wa njia. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, miguu na mikono, na kupanda kama soksi na glavu.

Shangazi alilielewa hilo haraka kuliko mengine. Alikulia mwisho wa barabara.

Nilimwomba tumwambie daktari. Alikubali kwa sharti kwamba niseme mimi. Daktari alisikiliza, akamgusa vidole kwa pamba na kwa ncha ya kalamu, akapunguza kipimo kidogo, akasema angetamani angeambiwa wiki ya tano. Shangazi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeficha. Wiki 12 zilikwisha. Alipona? Vipimo vyake ni vizuri, na hatulizungumzii zaidi ya hapo.

Kuna kitu nilibadilisha kazini baada ya hapo. Zamani nilipofundisha wanafunzi nilianza na mrija uliokamilika, mchoro safi, nguzo 13. Sasa naanza na wanaobomoa. Ndani ya seli kuna kinesini-13 ambayo haitembei kabisa, kazi yake kukaa nchani na kuchanua nyuzi. Kuna katanini, iliyopewa jina la upanga wa Kijapani, inayokata mrija katikati. Na kuna mpinzani wao, tau, ambayo inashikilia mirija ya neva ikae, na inapojikusanya vibaya tunaikuta kwenye bongo za wagonjwa wa Alzheimer. Mrija uliodumu muda mrefu hupigwa alama za kemikali, ili hamali wajue ni njia ya zamani. Wanafunzi huuliza kwa nini seli itumie nishati kubwa hivyo kujenga kitu cha kubomoa. Nawapeleka kwenye mbuzi.

Maana nusu yao wametoka kwenye mbuzi. Dawa ya minyoo ambayo baba zao wanawanywesha mbuzi, albendazoli, ileile ambayo wao walitafunishwa shuleni wakiwa wamepanga foleni, inashika beta-tubulini ya mnyoo na kuizuia isijijenge. Ya mbuzi inaigusa kidogo sana. Na pale dawa inapogoma, mara nyingi ni kwa sababu mnyoo amebadilisha asidi-amino moja kwenye beta, ya 200 kwa mfano, kutoka fenilalanini kuwa tairosini. Moja, kati ya 450 hivi. Ukimwambia mfugaji dawa imeshindwa kwa tofauti ndogo hivyo hakuamini. Mimi naamini, nimewahi kupoteza ng'ombe watano kwa herufi moja.

Na yuko mwizi mmoja ambaye siwezi kumwacha, kwa kuwa ni wa hapa hapa. Kimelea cha ndigana kali, Theileria, huishi ndani ya seli nyeupe ya ng'ombe. Hakijengi njia yake ya kujigawa. Kinangoja seli ya ng'ombe isuke mirija yake ya kugawanya kromosomu, kinajibandika juu yake kama abiria asiyelipa, na seli inapotengana nacho kimegawanyika, nusu huku nusu kule. Watafiti wa Muguga, nje kidogo ya mji huu, wamepambana na ugonjwa huo kwa miongo mingi. Kila nikipita pale kwa matatu nageuza shingo.

Vidole vya shangazi vimerudi kwa sehemu. Neva inakua upya kama milimita moja kwa siku, haraka kuliko kucha, lakini polepole kwa mtu mwenye haraka. Amepata mbinu zake: asubuhi anachambua mchele macho yakiwa yamefumbwa, akitafuta kijiwe kwa ncha za vidole, halafu anafungua macho kuhesabu alivyokosa. Katani anaikaza kwa meno pale vidole vinapokataa kusema. Ukingo bado anamwachia binti yake.

Wiki iliyopita alinipigia nikiwa nafunga kabati la joto, roto ndani.

"Mwanangu, hiyo mirija yangu imefika wapi?"

"Imepita kifundo, shangazi. Iko kwenye kiganja."

"Waambie hamali wako waharakishe. Krismasi inakuja na nina oda sita."